Kochoko Isiyoota Ukungu

Chilangala, Newala
28 Januari 2024

Mwanangu Getrude,

Marahaba, na tena marahaba. Barua na kitambaa cha kichwa nimevipata kwa mkono wa Halfani. Nimemkaripia kwa kuchafua bahasha na oili ya gari lake. Akacheka tu, au labda alinijibu, mimi nitajuaje? Tangu zile sindano za kifua watu wote kwangu wanapanua midomo bila kutoa kitu. Nimechoka kuwaambia warudie, siku hizi naitikia tu kwa kichwa na maisha yanaendelea. Ndiyo maana napenda barua zako. Barua haina haja ya masikio.

Umesema daktari amekukataza kupanda gari mpaka ujifungue. Mtii. Mimba mbili zimeharibika, hii usicheze nayo hata kidogo. Msiba wa baba yako tutaumaliza bila wewe, yeye mwenyewe angesema hivyo.

Ila nina shida. Mvua ya mwaka huu imetukalia kooni na kochoko ya baba yako imeanza kuota ukungu. Nakukumbusha maana mjini mnasahau upesi: ni yale mabibo niliyoyakausha mwezi wa kumi, ya mikorosho yake mwenyewe, niliyoyaweka kwa ajili ya pombe ya kumaliza msiba mwezi wa saba. Ukoo wa baba yako una utaratibu wake. Mjane ndiye anayeloweka kochoko, kwa mkono wake, bila kusaidiwa na mtu. Pombe ikipanda povu, marehemu ameridhika, mjane ananyolewa nywele za msiba na kubaki kwenye nyumba yake. Ikikataa, basi aliyekataa ni marehemu, na mjane anafunga mizigo na kurudi kwao. Mimi Mmakua wa Chidya nitarudi kwa nani? Kaka yangu kazeeka, na mkewe hajanipenda tangu tukiwa wasichana. Matofali ya nyumba hii nimeyafyatua mimi nikiwa na wewe mgongoni. Na baba yako Selestini amelala hapo nyuma ya jiko, ubavuni mwake nimeshapalilia pangu.

Sasa nimekumbuka yale machungwa uliyomletea alipokuwa mgonjwa, yaliyopakwa mafuta ya kikundi chenu cha kuhifadhi matunda. Yalikaa muda mrefu na hakuna hata moja lililooza. Wifi Theodora ndiye aliyekuwa akimmenyea. Baba yako alisema yananuka sabuni, na akayala hivyohivyo. Je, hayo mafuta hayawezi kuinusuru kochoko yangu?

Mimi mama yako,
Oliva


Masasi
6 Februari 2024

Shikamoo mama,

Kichefuchefu bado kipo lakini mimba imetulia. Nimelala tu kama gunia la mbaazi, majirani wananipikia.

Mafuta yanaweza, mama, kwa nini yasiweze? Haya ni ya mchaichai na karafuu. Tunachemsha majani kwenye pipa, mvuke unapita kwenye bomba ndani ya maji baridi, mafuta yanadondoka upande wa pili. Mtambo wenyewe ungeuona ungecheka, hauna tofauti yoyote na wa kupikia nipa, gongo yetu ya mabibo. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kutukagua, akanusa kila chombo, akaondoka amenuna kwa kukosa alichokuwa anakitafuta. Tumejaribu kwenye machungwa na maembe, na ukungu hauna pa kushika. Kina mama wa Nanganga wameshaanza kutuomba tukawafundishe.

Nakutumia chupa moja. Kwanza toa kochoko yote iliyoshika ukungu, uitupe, hata kuku usiwape. Iliyobaki ianike siku yenye jua. Kisha dondosha matone machache kwenye pamba, iweke katikati ya pipa, ufunike vizuri. Matone machache, mama. Nakujua.

Nisalimie shangazi Theodora na kaka Dickson. Nasikia siku hizi Dickson ndiye katibu wa ukoo, hata vikao anavifungua kwa ajenda.

Binti yako,
Getrude


Chilangala
11 Machi 2024

Mwanangu,

Mimba isikudanganye kwa kutulia, endelea kulala.

Kochoko imepona. Ningekuwa mtu wa vigelegele ningepiga. Imekauka, ina rangi yake nzuri ya hudhurungi, ukungu hakuna hata wa dawa. Jirani yetu Faudhia kochoko yake ya kuuza imeoza karibu yote, yangu iko vilevile. Mpaka chungu wanalizunguka pipa kwa mbali.

Matone machache niliyaona ni uchoyo. Nikamimina chupa yote, nikachanganya kwa mikono kama mtu anayekanda unga. Usinigombeze, imeshafanyika.

Wifi Theodora alikuja juzi, akafunua pipa, akakunja pua. Akaniuliza kitu, nadhani aliuliza harufu ni ya nini. Nikamwambia nilisafisha pipa kwa sabuni. Habari ya chupa sijamwambia mtu. Wakijua imetoka kwako watasema nimesaidiwa, na kwenye jambo la marehemu ukisaidiwa umeharibu. Mimi naona chupa si mtu. Lakini hawa Wamakonde watani zangu nawafahamu, jambo dogo wanaweza kulikalia kikao mpaka jua lizame.

Mama yako,
Oliva


Masasi
2 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Chupa yote! Haya, nyumba sasa itanukia kama duka la Mhindi mpaka Krismasi.

Nimefurahi mno. Nilikuwa nimejilaza hapa najiona sina faida kwa mtu, kumbe nimefanya kitu kwa ajili ya baba. Naomba unitumie kochoko hiyo kidogo, kama ya kujaza mikono miwili, na ambayo haikupakwa mafuta pia kama Faudhia amebakiza yoyote. Nataka kina mama wa kikundi waone kwamba hata mabibo makavu yanakubali.

Pombe ikishapanda niandikie siku hiyohiyo.

Binti yako,
Getrude


Chilangala
14 Julai 2024

Mwanangu Getrude,

Kochoko uliyotaka, yangu na ya Faudhia, ulishaipata, na mimi nilikaa kimya muda wote huu kwa sababu sikutaka kukutia presha. Sasa mambo yamekwisha, naweza kusema.

Niliiloweka kwa maji ya kisima chetu cha mvua. Siku ya kwanza kimya, nikasema sawa. Ya pili kimya. Nikaongeza sukari, nikasogeza pipa juani, nikaweka mkono nisikie joto, maana masikio ya kusikia inavyochemka sina. Baridi. Hapakuwa na povu hata la kuziba jicho. Maji matamu tu yenye harufu ya mchaichai. Nikaenda nyuma ya jiko nikamwambia baba yako, Selestini, nimekukosea nini? Umeinywa pombe yangu miaka yote hiyo hujawahi kuikataa. Nililia, mwanangu. Nilijua ndiyo basi.

Wifi alikuja, akafunua, akafunika, akaondoka bila hata kuketi. Jana wakaja wote. Walikaa uani wakazungumza sana, na mimi nimekaa kwenye mkeka katikati yao kama mzigo. Kila aliyesema alinitazama kwanza. Mwishoni wifi akainama, akaniuliza jambo. Alikuwa amejitanda khanga mpaka mdomoni, sikuona vizuri. Nikaitikia kwa kichwa, kama siku zote. Wote wakanyanyuka. Nikadhani nimechelewa kuitikia, nikaitikia tena.

Basi wakaninyoa! Alininyoa mzee mmoja mgeni wa Dickson, mwenye mkoba, akanipaka dawa nyeusi kichwani, inawasha kidogo. Kwetu mjane hunyolewa na wifi zake, lakini mila zao nani anazijua zote. Kilicho muhimu nimenyolewa. Nadhani wamenihurumia, wamesema pombe basi iache, huyu bibi amekaa naye vizuri. Kichwa chepesi, nasikia upepo.

Leo kanisani benchi letu nilikaa peke yangu. Huenda ni ile harufu ya dawa.

Mama yako mwenye furaha,
Oliva


Chilangala
17 Julai 2024

Kwa Dada Getrude,

Habari za huko na pole kwa hali uliyonayo. Nimeona ni vema nikuandikie mimi kama katibu, ili usije ukaletewa maneno yaliyopindishwa.

Pombe ya marehemu mjomba ilikataa. Haijawahi kutokea katika ukoo. Kikao kilikaa tarehe 13, kikamwita mtaalamu, na mama yangu alimwuliza mama yako mbele ya watu wote: "Wifi, ni wewe uliyemmaliza ndugu yangu?" Mama yako aliitikia. Tukadhani ameteleza, lakini aliitikia na mara ya pili. Akanyolewa ili asiweze kumdhuru mwingine, naye alikuwa anatabasamu, jambo ambalo liliwaogopesha wengi.

Baadhi ya vijana walitaka kuchukua hatua nyingine. Mimi nilisimama nikakataa, hilo naomba ulijue. Uamuzi ni kwamba arudi kwao Chidya kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumba na mikorosho vinarudi kwa ukoo. Kwako wewe hakuna lawama, wewe ni damu yetu.

Wako katika ukoo,
Dickson


Masasi
19 Julai 2024

Mama yangu,

Kaa chini ndipo usome. Mwombe Faudhia akae na wewe.

Kule hakukuwa kunyolewa nywele za msiba. Shangazi alikuuliza kama ni wewe uliyemuua baba. Wewe ukaitikia, mara mbili. Wamekunyoa kwa uchawi, mama. Wanataka uondoke mwezi huu. Dickson ameniandikia mwenyewe.

Na baba hakukukataa. Hilo nataka ulijue kabla ya yote. Barua yako ilipofika nilichukua ile kochoko uliyonitumia, nikailoweka kwenye ndoo. Pembeni nikaloweka ile ya Faudhia, maji yaleyale, sukari ileile. Ya Faudhia imejaa povu, inanukia pombe chumba kizima. Ya kwako imelala kimya mpaka sasa. Ni mafuta, mama. Kinachofanya pombe ichachuke nacho ni kitu chenye uhai, ni ndugu yake ukungu. Mafuta yanaua vyote viwili, hayachagui. Sisi tulijaribu kwenye matunda ya kula tu, na akilini mwangu mimi kochoko ilikuwa tunda la kuhifadhi. Niliambiwa ni ya pombe, nikasoma kwa macho yangu, na sikufikiri. Binti wa mpika pombe, mwenye cheti cha kilimo ukutani.

Dickson nimempigia. Nikamwambia nina maelezo kuhusu pombe, akanijibu kwamba mambo ya ukoo hayazungumzwi kwenye simu. Sawa, nimemwandikia. Barua ya kumpa iko humu ndani, nimeeleza kila kitu: chupa ni yangu, mafuta ni yangu, wewe masikio yako hayafanyi kazi na hukusikia swali. Nimewaomba waloweke wenyewe kochoko nyingine waone. Isome kwanza, kisha umkabidhi mkononi mbele ya watu.

Daktari amesema nikithubutu kupanda gari ataniandikia barua ya kunizika. Ningekuja kwa miguu kama ingewezekana. Usitoke ndani mpaka barua isomwe. Usinywe chochote cha mtu isipokuwa cha Faudhia. Nisamehe mama.

Getrude wako


Chilangala
25 Julai 2024

Mwanangu Getrude,

Nimekaa chini nikasoma, kama ulivyosema. Kisha nikajishika kichwa. Siku zote hizo nilikuwa natembea nacho wazi kijijini, najionyesha. Nilimsalimia kila mtu.

Usiseme nisamehe. Nilipofika pale pa ndoo mbili nilicheka kwa sauti, Faudhia akadhani nimechanganyikiwa. Hujui umenitua mzigo gani. Nilikuwa nalala kila siku najiuliza Selestini alikuwa na kinyongo gani na mimi asiseme mpaka afe. Kumbe hakuwa nacho. Hicho umenipa, na hakuna kikao kinachoweza kukichukua.

Barua uliyomwandikia Dickson niliifunga kwenye pindo la khanga. Jumanne nikawaita mimi mwenyewe. Nilimwomba Faudhia akae karibu yangu aandike kila neno litakalosemwa, kwa mkaa, nyuma ya kalenda. Anaandika vizuri, madrasa na shule vyote alimaliza. Kwa hiyo safari hii nilisikia, mwanangu. Kwa macho, lakini nilisikia.

Nilikuwa nimeshaanza kufungua lile pindo. Wifi akaanza kuongea kabla yangu, na Faudhia akaandika, na mimi nikasoma hivi: "Pipa lile lilikuwa linanuka kama machungwa ya Getrude. Yale niliyommenyea ndugu yangu. Aliyala, na hakupona." Nikainua macho. Wote walikuwa wameshaacha kunitazama mimi. Walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Dickson akasema kwamba ulimpigia simu ukitaka kueleza jambo kuhusu pombe. Yule mzee wa mkoba akasogea mbele.

Fikiria wewe mwenyewe, uliyesoma. Ningewapa ile karatasi. Wangesoma kwamba kuna mafuta, ya Getrude, yanayoua kitu chenye uhai ndani ya kochoko. Unadhani wangeenda kuloweka ndoo mbili? Wangeuliza yaliua nini tumboni mwa Selestini. Mimi na wewe tunajua tumbo lake liliharibiwa na nipa, hata daktari wa Newala alisema, lakini nani pale alitaka habari ya daktari. Na kazi yako ni ya kuingia nyumba za watu, kugusa vyakula vyao. Na tumboni una mtoto ambaye bado hajaonekana.

Dickson aliuliza: "Kuna mtu alikupa kitu cha kutia?" Nikatikisa kichwa, hapana. Akauliza kama wewe unajua lolote. Nikatikisa. Wifi akauliza lile swali lake la kwanza, na safari hii alishusha khanga mdomoni. Faudhia hakutaka kuandika. Aliushika mkaa tu, machozi yanamdondoka kwenye kalenda. Nikamshika mkono nikamwambia andika. Akaandika. Nikasoma mpaka mwisho, nikamtazama wifi, nikaitikia.

Ile barua ya kumpa Dickson nimeichoma jikoni, na zako zote pamoja nayo, hii ya mwisho pia. Chupa nimeitupa chooni. Faudhia ameapa kwa msahafu wake. Wewe nawe choma hii, na zile ndoo kamwage, usionyeshe mtu. Ukilala na kuona unataka kuja kuwaeleza, kumbuka kwamba nimeshasema, na ukisema tofauti utakuwa umenifanya mwongo bure.

Halfani amekubali kunichukua kesho. Wengine walimwambia asinipakie, akasema gari ni lake. Mke wa kaka yangu amenitumia ujumbe kwa Halfani kwamba kuna chumba cha mbuzi kinaweza kusafishwa. Si haba, Chidya angalau nitapata mtu wa kutukanana naye kwa lugha yangu, kama ataongea kwa sauti.

Njia yako ya kufika kaburini kwa baba yako niliihakikisha kabla hawajaondoka. Nilimfanya Dickson aandike mwenyewe kwenye kalenda: Getrude hana lawama, na mtoto wake ana ruhusa kufika kwa babu yake. Kipande hicho nimekikata, kiko ndani ya bahasha hii. Hicho usikichome.

Ukishajifungua na ukapata nguvu, mlete. Mpitie kwa Faudhia mnywe maji kwanza, halafu mzunguke nyuma ya jiko. Utaona pameota nyasi ubavuni kwa baba yako, pale nilipokuwa napalilia. Zing'oe kama utakuwa na nafasi. Mtoto atakuuliza, watoto huuliza, kwa nini bibi hakulala hapa. Mwambie bibi yako alikuwa kiziwi. Aliulizwa jambo hakulisikia, akaitikia tu.

Mama yako,
Oliva